Mzee kalipia karavani ya ekseli mbili, na anayeivuta ni mimi

BARUA

Kaka mshauri, habari za kazi. Naomba unisaidie maana nyumbani kwetu sasa hivi mazungumzo ni karavani tu asubuhi mpaka usiku na hatuelewani kabisa.

Sisi tupo Leicester, mi na mume wangu wote wa Tanga, tuna watoto watatu na wawili wa juu washakuwa wakubwa. Tunayo karavani, kile kinyumba cha kuvutwa na gari, ya ekseli moja (magurudumu mawili tu) ya kulala watu wanne, ndo tunaendaga nayo Wales kila kiangazi na saa nyingine Norfolk. Watoto walipokuwa wadogo ilitutosha vizuri tu, sasa hivi miguu inatoka nje ya kitanda, na kila jioni ni kubomoa meza upate kitanda, asubuhi ubomoe kitanda upate meza, mtu hata chai hajanywa. Afu kiangazi kijacho mama mkwe anakuja kutoka Tanga, miezi mitatu, na mzee hataki kusikia habari ya kumwacha mama yake nyumbani sisi tukienda baharini. Na mi sitaki pia, mama wa watu nampenda.

Sasa mzee kaenda kwa dila, muuza karavani, kaona karavani ya ekseli mbili, imetumika lakini safi, vitanda sita, kitanda cha kudumu katikati, bafu lake nyuma, watoto wana vitanda vya juu na chini. Amerudi anacheka peke yake. Na kaacha diposi, hela ya kutanguliza, papo hapo kabla hata mi sijaiona! Nikamuuliza nani ataivuta, maana yeye anafanya kazi usiku, siku ya safari anakuwa hoi anasinzia siti ya pembeni, anayeivuta siku zote ni mimi.

Gari yetu ni SUV ya dizeli ya viti saba. Nimeenda kusoma kibati cha mlangoni kimeandikwa 2,250 na chini yake 4,000. Kitabu cha gari kinasema gari tupu kilo 1,650 na mwisho wa kuvuta 2,000. Karavani yetu ya sasa kibati chake kinasema 1,350 na hiyo mpya ni 1,900. Dila anasema 1,900 ni chini ya 2,000 kwa hiyo hamna shida, na kwamba ekseli mbili inakaa barabarani mpaka unasahau kama unavuta kitu.

Na hapo ndo wananipata, kwa sababu hii yetu ya sasa inanitesa. Nikiwa motawei ya M5, barabara kuu ya mwendo kasi, nakwenda na maili 55 kwa saa, lori au basi likinipita, nyuma inaanza kucheza, inakwenda kushoto inarudi kulia, mikono inatoka jasho. Tunapakia kawaida tu, vyakula, hema la pembeni, baiskeli tatu za watoto tumezifunga nyuma kule, hamna kitu cha ajabu. Mzee anasema huo ndo ugonjwa wa ekseli moja na dawa yake ni mbili.

Kitu kingine, mbele ya nyumba yetu pana kamteremko na kona, karavani tunaisukuma kwa mikono mi na kijana wangu mkubwa mpaka inaingia pembeni ya ukuta. Hiyo kubwa tutaisukuma? Na shoga yangu wa Coventry ananiambia zipo kambi zinakataa ekseli mbili getini, ni kweli? Leseni yangu nilipata hapahapa 2009, inaruhusu? Na kama jibu ni hapana, hiyo diposi ndo imekwenda?

Nijibu kaka, mzee kasema chochote utakachosema atakisoma.

Mama Watatu, Leicester

JIBU

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja, hongera kwa sababu umeenda mlangoni mwa gari ukasoma kile kibati kabla ya kubishana na mtu. Na mzee naye karibu, kaa hapa tusome wote.

Jibu naliweka mbele ili msisome mkiwa na presha. Karavani ya ekseli mbili ni kitu kizuri, mi mwenyewe ndo ninayovuta na sirudi nyuma. Ila hiyo ya kilo 1,900 msiivute na hiyo gari. Na huko kuyumba unakokusikia M5 siamini hata kidogo kama ni ugonjwa wa ekseli, nitafika hapo.

Tuanze na kibati. Namba ya juu, 2,250, ni mwisho wa uzito wa gari lenu likiwa limejaa watu na mizigo. Ya chini yake, 4,000, ni mwisho wa gari na karavani vikipimwa pamoja. Dila kawatajia ile 2,000 ya kuvuta akaishia hapo, hii ya pili hakuigusa. Chukua 4,000 utoe 2,250, inabaki 1,750. Yaani siku gari imejaa, na kiangazi hicho mtakuwa watu sita na mama ndani, na mabegi, na mazaga yote ya safari, karavani mnayoruhusiwa kuwa nayo nyuma ni 1,750. Hii mnayoitaka ikijazwa ni 1,900, mmepita kwa kilo 150. Ile 2,000 ya kwenye kitabu inawezekana tu kama gari lenyewe halizidi 2,000 siku hiyo, na gari tupu ni 1,650, kwa hiyo mnabakiwa na kama kilo 350 za binadamu na kila kitu kingine. Watu sita hapo wamekwisha, mabegi yatabaki Leicester. Hapa sijaanza hata kuongea busara, naongea sheria, polisi na wakaguzi wa DVSA, idara ya serikali ya viwango vya magari na madereva, wanaweza kukusimamisha wakakupeleka mizani na usitoke hapo mpaka upunguze, na likitokea la kutokea bima nayo ina pa kushikia.

Sasa busara. Huku Uingereza vilabu vikubwa vya karavani, ile Caravan and Motorhome Club na ile Camping and Caravanning Club, vyote vinashauri kwamba kwa mtu ambaye bado anazoea kuvuta, karavani iliyojaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu, na hata mzoefu asipite 100. Siyo sheria, ni ushauri, lakini ni ushauri wa watu walioona mengi. Yenu ya sasa ni 1,350 kwa 1,650, mko kama asilimia 82, safi kabisa. Hiyo mpya ni 115. Maana yake kilicho nyuma ni kizito kuliko kinachokivuta, na siku upepo umeipiga ubavuni au umekanyaga breki ukiwa kwenye mteremko, karavani ndo itaamua mwende wapi. Kuongeza ekseli hakubadilishi hesabu hiyo hata gramu moja.

Haya tuje M5. Umeandika baiskeli tatu mmezifunga nyuma kule ukapita haraka kama vile umetaja chumvi. Dada, mi hapo ndo niliposimama!

Angalia hivi. Baiskeli tatu na chuma chake cha kuzibebea tuseme kilo 45. Zipo kama mita 3 nyuma ya ekseli, na ndoano ya kuvutia ipo kama mita 4 mbele ya ekseli. Karavani ya ekseli moja inakaa kama mizani ya bembea pale kati, ukikandamiza nyuma inanyanyuka mbele, na kwa vipimo hivyo kilo 45 za nyuma zinaondoa kama kilo 34 kwenye pua. Sasa uzito wa pua, ule unaokaa juu ya kile kitufe cha chuma cha ndoano ya gari, unatakiwa uwe kama asilimia 5 mpaka 7 ya karavani iliyojaa. Kwa 1,350 hiyo ni kilo 68 mpaka 94. Kama pua yenu ilikuwa na 75 kabla ya baiskeli, baada ya baiskeli ina 41. Karavani yenye pua nyepesi namna hiyo inacheza mkia lazima, lori likipita linasukuma hewa mbele yake, linaipiga karavani nyuma kwanza, afu linaivuta, na pua haina uzito wa kuituliza. Tena kwa 55 uko karibu sawasawa na lori, maana malori makubwa yana kidhibiti mwendo cha kama 56, kwa hiyo linakupita polepole, linakaa ubavuni mwako muda mrefu, ndo jasho hilo.

Kabla ya kununua chochote fanyeni hivi wikiendi hii. Tafuteni kipimo cha uzito wa pua, kinauzwa maduka ya karavani wala siyo ghali, au hata mizani ya bafuni na kipande cha mbao chenye urefu wa kufikisha ndoano kwenye kimo chake cha kuvutwa. Pakieni kama mnavyopakia siku zote, mpime. Afu toeni baiskeli nyuma muweke juu ya gari au ndani ya karavani chini juu ya ekseli, zifungwe, vyakula vya makopo na hema la pembeni navyo viwe chini katikati, mpime tena. Msipite pia kikomo cha ndoano ya gari na cha kichwa cha karavani, kile kidogo kuliko vyote ndo mfalme. Afu angalieni upepo wa matairi na mwaka wake, pembeni mwa tairi pana namba nne za mwisho za DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, tairi la karavani likifika miaka 5 fikirieni kubadilisha na likipita 7 toa hata kama linang'aa, karavani inakaa miezi tairi limesimama sehemu moja, linaoza kwa ndani ukiliangalia unaona zima. Ukimaliza hayo rudi M5. Naamini utakuta dada mwingine anaendesha.

Na ikitokea siku imeanza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta taratibu, usukani ushike wima usiufuate fuate, usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mwendo eti uinyooshe. Iache ife yenyewe mwendo unavyoshuka.

Sasa mzee asije akasema nazisingizia ekseli mbili. Zina raha yake. Ukiwa na ekseli mbili zilizoachana kidogo, karavani haipendi kugeuka yenyewe, inapenda kwenda mbele, ndo maana upepo wa lori hauisumbui sana na ile kunesanesa juu chini kwenye mabonde ya barabara inapungua mno. Pancha nayo, kwenye ekseli moja tairi likipasuka motawei ni hatari kubwa karavani inalala upande, kwenye mbili tairi la pili linashika mzigo unapata nafasi ya kutoka barabarani kwa utulivu, ingawa usiendelee na safari nalo, na hilo lililobaki limebeba kupita uwezo wake kwa hiyo fundi alikague vizuri. Kurudi rivasi pia, watu wanaogopa bure, ile ndefu inajibu taratibu, unaona kosa linakuja una muda wa kulirekebisha, ile fupi ukichelewa kidogo imeshajikunja.

Ila nikwambie kinachonitia wasiwasi na ekseli mbili kwa mtu anayehama akiwa na tatizo kama lako. Ya ekseli moja ikipakiwa vibaya inakulalamikia mapema, ukiwa bado na mwendo mdogo. Ya ekseli mbili inavumilia. Inanyamaza, unajiona umepona, unazoea kupakia vibaya, mwendo unapanda, na siku ikikataa inakataa na kilo 1,900 nyuma yako. Kwa hiyo mtu ajifunze kupakia kwanza, ndo ahamie kubwa.

Afu ina mambo yake ambayo dila huwa hayagusi. La kwanza ni kimo cha ndoano. Si mmepita mizani ya Vigwaza mkitoka Tanga kwenda Dar, mnaona lori linapimwa jumla yake na kila kundi la ekseli pia, mtu anaweza kuwa sawa kwa jumla akapigwa faini kwa sababu mzigo wote umelalia upande mmoja. Karavani ndo hivyohivyo. Nyingi za huku zina springi za mpira ndani ya kila ekseli, kila moja inajitegemea, hazigawani mzigo. Ndoano ya gari ikiwa chini sana karavani inainama mbele na ekseli ya mbele inabeba zaidi ya haki yake, ikiwa juu sana, ekseli ya nyuma ndo inaumia. Hata kipimo cha pua kinadanganya, ukipima karavani ya ekseli mbili pua ikiwa sentimita chache juu au chini ya kimo chake halisi unapata namba nyingine kabisa. Kwa hiyo ipimwe ikiwa imenyooka, kwenye sakafu tambarare, kimo kilekile cha kuvutwa.

La pili ndo la mbele ya nyumba yenu, na hapo sina maneno matamu. Hamtaisukuma. Wala wewe wala kijana wako wala majirani wakija wote. Ekseli moja inazunguka juu ya tairi zake mbili kama kiti cha ofisi, ekseli mbili ukitaka kuigeuza papo hapo tairi nne zinaburuzwa kwa ubavu, zinachimba kokoto, zinajikunja kuta zake, na kwenye mteremko hilo ni jambo la kuumiza mtu mgongo au kumbana ukutani. Mtahitaji mota ya kusogezea, ile unashika rimoti karavani inatembea yenyewe, na iwe ya kufaa ekseli mbili. Kwa kona kali na mteremko ile ya mota nne ndo ya uhakika, ya mota mbili inahangaika. Hesabu bei yake, na uzito wake, mota nne na betri inayozilisha zinaweza kula kilo 60 na zaidi, na kilo hizo zinatoka kwenye mzigo wenu wa safari. Hiyo 1,900 kumbuka ni karavani ikiwa imejaa, muulizeni dila tupu ni ngapi. Akiwaambia 1,740 basi mnayo 160, toa mota na betri inabaki 100, toa hema la pembeni inabaki kama 75, na hapo hamjaweka sufuria wala blanketi la mtu, na nyie ni sita. Nimeona karavani kubwa zenye nafasi ya kupakia ndogo kuliko za ekseli moja, makabati kibao na huruhusiwi kuyajaza.

Na pimeni geti. Zipo za ekseli mbili zenye upana wa futi 8, kama mita 2.45, vioo vya gari vya kuongezea lazima, na barabara za vijijini kule Pembrokeshire zenye majani pande zote mbili mtakutana na trekta, mmoja itabidi arudi nyuma, na mara nyingi huwa ni wewe. Leseni haina tatizo, tangu tarehe 16 Desemba 2021 mtu aliyepasi gari la kawaida kuanzia Januari 1997 anaruhusiwa trela mpaka kilo 3,500 bila mtihani mwingine hapo England, Wales na Scotland. Mwendo unaujua, maili 60 kwenye motawei na barabara zilizogawanywa katikati, 50 kwenye zisizogawanywa, na usiingie njia ya kulia kabisa ya motawei yenye njia tatu au zaidi. Kwa kuwa sasa mtihani haupo, mi nasema lipia siku moja ya mafunzo ya kuvuta, vilabu vyote viwili vinafundisha, tena mwende wote wawili na mzee, asikae tu siti ya pembeni.

Kuhusu kambi, shoga yako kasema kweli. Zipo kambi za watu binafsi zinazoandika wazi hazipokei ekseli mbili. Saa nyingine sababu ni kiwanja kidogo au njia nyembamba, hiyo naielewa, lakini nyingine wameweka sheria hiyo ili kuwafukuza jamii ya Wasafiri wanaoishi kwenye karavani, na mi hilo linaniuma, ni ubaguzi umevaa koti la matairi, na familia kama yenu zinaingia humohumo. Kambi za vilabu kwa kawaida hamna shida, ila unapobuku taja urefu wote kuanzia ndoano mpaka nyuma na useme ni ekseli mbili, usingoje getini saa moja jioni mama kachoka. Zile za mashambani zinazopokea karavani tano tu, nzuri sana na bei yake nafuu, piga simu kwanza umuulize mwenyewe kuhusu njia ya kuingilia.

Gharama nyingine nitapita haraka, matairi manne badala ya mawili, breki nne sevisi yake imeongezeka, kufuli la gurudumu kuna bima zinataka mawili, mahali pa kuihifadhi wanachaji kwa urefu. Mnayaweza, ila myaone kwenye karatasi.

Sasa mfanyeje. Kwa mlivyo, mi ningetafuta karavani ya ekseli moja ya vitanda sita, zipo, zenye vitanda vya watoto vya kudumu juu na chini kule nyuma na meza ya pembeni, nyingi zinacheza kwenye 1,450 mpaka 1,550 zikijaa. Tuseme 1,500. Jumlisha na 2,250 ya gari lililojaa unapata 3,750, mko ndani ya 4,000 na chenji inabaki. Kwa asilimia ni 91 ya gari lenu, kwa mtu ambaye amevuta miaka kama wewe inakubalika ukipakia vizuri, na bado mnaweza kuisogeza nyumbani, ingawa kwa mteremko huo mota ndogo ingewasaidia. Mama apewe kile kitanda kisichobomolewa, kilicho karibu na choo, hilo ndo la kuangalia kuliko idadi ya vitanda, mtu mzima hawezi kuamshwa usiku apande juu ya mjukuu kwenda kujisaidia. Kijana mkubwa na mwenzie mtawafungia chumba cha kulala kwenye hema la pembeni, umri huo wanapenda wenyewe kuwa mbali na wazazi, mtakuwa mmemaliza ugomvi wa meza.

Kama roho ya mzee iko kwenye ekseli mbili, sawa, lakini gari litangulie karavani. Kwa 1,900 ile asilimia 85 inataka gari la kama kilo 2,235. Hapo ni Land Cruiser, Discovery, watu wa uzito huo. Land Cruiser ile ya 150 ya huku inavuta 3,000, Discovery 4 inavuta 3,500, hizo hazitaisikia. Lakini hesabuni mafuta, bima, road tax, na kama ni dizeli isiyofika Euro 6, kile kiwango cha moshi, mkiingia katikati ya Birmingham au popote London mnalipa. Na hata hapo mota nne na lile geti haviepukiki.

Mkiamua kununua yoyote iliyotumika, hii au nyingine, asitoke mtu na hela kabla ya haya. Namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17 ilingane na iliyochorwa kwenye vioo na kwenye karatasi za CRiS, daftari la usajili wa karavani, muulize CRiS kama haina deni la mkopo wala haijaibiwa. Aje fundi na kipimo cha unyevu apite kona zote, kuzunguka madirisha, chini ya paa la mbele, namba zikipita asilimia 20 mahali ulizeni maswali magumu, maana karavani ikianza kuoza ndani ya ukuta ukarabati wake unaumiza kuliko bei. Na matairi yote manne msome mwaka, la akiba pia.

Diposi. Kama mngekuwa mmebadili mawazo tu, dila angeweza kugoma kuirudisha au akakata sehemu. Lakini nyie mna hoja. Mzee alimtajia gari lenu, si ndiyo? Na dila akajibu kwamba litavuta bila shida. Kwa Consumer Rights Act ya 2015, ukinunua kwa mfanyabiashara ukamweleza unataka kitu kwa kazi fulani, kinatakiwa kiifae kazi hiyo, na hiki kwa gari lenu likiwa limejaa hakifai, na kibati kinathibitisha. Mzee aandike leo, kwa barua pepe siyo simu, kwa adabu tu, aweke picha ya kibati cha gari na cha karavani, aandike hesabu ile ya 4,000 kutoa 2,250, aseme alichoambiwa siku ile na aombe hela irudi au ihamishiwe kwenye karavani nyingine ya hapohapo inayofaa gari lenu. Hilo la pili madila wengi wanalipenda maana biashara haijawatoka, na nyie huenda mkapata hiyo ya 1,500 palepale. Akigoma, pigieni Citizens Advice kitengo cha wateja, hawalipishi. Kama mlilipa kwa kadi, waulizeni na benki. Na kabla ya kupiga simu yoyote tafuteni karatasi aliyosaini mzee, msome kimeandikwa nini kuhusu diposi, nitumieni na picha yake niione.